Google Slides kwa kazi ya lugha tatu: maoni yangu nikiwa Kisumu

Wale mmekuwa mkiniuliza natumia programu gani kutengeneza zile slaidi za mafunzo, jibu ni Google Slides, na leo wacha niiseme uzuri na ubaya wake, juu naona watu wanaisifu ama wanaiponda bila kusema wanaifanyia kazi gani. Mimi yangu ni slaidi za vikundi, mara wakulima wa mpunga huko Ahero, mara akina mama wa chama Nyalenda, mara mikutano ya wananchi kutoa maoni, na hapo unapata lugha tatu kwa faili moja: Kiingereza cha ofisi na wafadhili, Kiswahili cha kila mtu, na Dholuo, lugha ya Wajaluo, ya wazee ambao ukiwaletea Kiingereza tupu watakaa kimya kwa heshima hadi chai ifike. Katiba ya 2010 kifungu cha 7 inasema Kiswahili ndio lugha ya taifa na ni rasmi pamoja na Kiingereza, na serikali inafaa kuendeleza lugha za kienyeji pia, lakini ukiangalia slaidi zinazoletwa kwa baraza huku kwetu utashangaa kama kuna mtu aliwahi kusoma hiyo kurasa.

Bei kwanza tumalizane nayo. Ni bure, ukiwa na akaunti ya Gmail uko ndani, na unapewa nafasi ya GB 15 ambayo unagawana na barua pepe na picha zako, kwa hivyo ukijaza picha kubwa za mashamba bila kuzipunguza itakuishia mapema.

Sasa mahali hii kitu inashinda zingine zote kwangu ni kufanya kazi na watu. Mimi Dholuo naongea lakini kuandika ya kusomwa mbele ya wazee ni kazi ingine, kwa hivyo kuna mwalimu mstaafu pale Ahero ambaye hunikagulia. Hana kompyuta, ana simu. Namtumia linki kwa WhatsApp, nimempa ruhusa ya kuweka maoni tu bila kubadilisha kitu, anabonyeza sentensi anaandika pale pale. Ile slaidi ya kitalu, yenye picha ya miche kushoto na maelezo kulia kwamba ihamishwe ikifika kama siku 21, aliniwekea hivi: "Nyathina (yaani mwanangu), hii umeandika kama mtu wa redio. Mkulima akisoma atadhani ni tangazo." Halafu chini akaandika sentensi yake, fupi, ya mtu amesimama kwa matope. Nikamjibu sawa Mwalimu, nimebadilisha, akaweka "ber ahinya", yaani nzuri sana, na hiyo ikafungwa. Zamani hii kazi ilikuwa faili inazunguka kwa imeli, ya mwisho, ya mwisho kabisa, ya mwisho mpya, hadi hujui gani ni gani. Hapa kuna historia ya matoleo, ukiona mtu amefuta kitu unarudi nyuma unaona ilikuwaje na nani aligusa.

Kwa watu iko sawa. Kwa lugha zenyewe ndio bado.

Shida kubwa ni kwamba Slides inachukulia faili nzima ni lugha moja. Ukienda kwa menyu ya faili kuna sehemu ya kuchagua lugha, unachagua moja, basi. Kama umeacha Kiingereza basi mbegu, kitalu, mbolea, zote zitachorewa mstari mwekundu chini na slaidi inaonekana kama daftari ya mtoto imesahihishwa na mwalimu mkali. Mistari haitoki ukionyesha kwa projekta, hiyo ni sawa, lakini ukiwa unaandika inakuchosha macho, na mbaya zaidi ile ya kusahihisha yenyewe inaweza kukugeuzia neno bila kukuuliza. Kwa PowerPoint unaweza kuweka alama kwa kipande cha maandishi, hii ni Kiingereza, hii ni Kifaransa, na ikague kila moja kivyake. Hapa hakuna hiyo. Dawa yangu ni moja tu, naenda kwa menyu ya zana, nazima mistari ya tahajia, halafu kwa mapendeleo nazima kusahihisha kwa otomatiki. Ukishazima unabaki na macho yako na ya Mwalimu, na kwangu hiyo inatosha, lakini kama wewe ni mtu wa kukosea herufi kila dakika hutapenda.

La pili, kutafsiri. Google Docs ina kitu ya kutafsiri hati nzima inakupa nakala mpya, watu wengi wanadhani Slides pia inayo, wanatafuta kwa menyu hadi wanachoka. Haina kama hiyo, utapata viongezo (add-ons) vya watu wengine vya kufunga na mimi sivipendi, vingine vinataka ruhusa ya kusoma faili zako zote. Njia ninayotumia ni Google Sheets, ile yao ya majedwali: safu ya kwanza naweka sentensi zote za Kiingereza, moja kwa kila mstari, safu ya pili naandika =GOOGLETRANSLATE(A1,"en","sw") navuta chini, inanipa rasimu ya Kiswahili yote mara moja, halafu safu ya tatu naandika ya kwangu nikiangalia hiyo. Faida ya hii si tafsiri, tafsiri yenyewe nusu natupa. Faida ni kwamba unapata sentensi zote zimepangwa kando kwa kando, ukiamua jina la kitu utalitumia hilo hilo hadi mwisho, na mwaka ujao ukiitwa tena kazi kama hiyo uko na orodha tayari. Dholuo iliingia Google Translate Juni 2024, kwa lile kundi la lugha 110 walizoongeza kwa mpigo, na nilifurahi kweli kweli kama mjaluo yeyote juu Kiswahili kilikuwa ndani tangu 2009 na sisi tunangoja tu. Lakini kwa slaidi ya mafunzo sijawahi kuiacha peke yake, naitumia kujua naanzia wapi, basi, mengine ni ya Mwalimu.

Kupanga lugha kwa slaidi ndio mahali wengi wanaharibu. Wanaweka Kiingereza juu, Kiswahili katikati, Dholuo chini, zote kwa slaidi moja, maandishi yamekuwa madogo kama ya nyuma ya pakiti ya dawa. Na Slides itakusaidia kuharibu, kuna ile mpangilio wa kupunguza maandishi yakijaa kwa boksi, kwa hivyo unaendelea kuandika nayo inaendelea kupunguza na hata huoni. Zima. Kwa ukumbi wa kanisa wenye madirisha makubwa na projekta dhaifu, chini ya saizi 24 hakuna mtu nyuma anasoma, na wazee ndio hukaa nyuma ama kando karibu na mlango. Mimi nafanya slaidi moja lugha moja. Naitengeneza ya Kiswahili hadi imalizike, nabonyeza Ctrl na D inajirudia, ile ya pili nabadilisha maandishi iwe Dholuo, picha zinabaki mahali pake. Halafu siku ya mkutano naangalia ni nani wamekuja, slaidi za lugha ambayo haihitajiki naziwekea ile alama ya kurukwa, haziondoki kwa faili lakini ukionyesha hazitokei. Faili moja inaenda Ahero na inaenda ofisini Milimani na hakuna mtu anajua ni ile ile. Hii peke yake ingenifanya nibaki nayo.

Noti za msemaji pia ni tamu. Slaidi iko Kiswahili kwa ukuta, mimi kwa skrini yangu nasoma noti za Dholuo. Kuna kuandika kwa sauti, unachagua Kiswahili, unaongea inaandika, ila inaandika kwa noti tu, si kwenye slaidi, na inataka Chrome au kivinjari kinachoweza hiyo kazi. Ukiongea ile Kiswahili yetu ya kuchanganya inachanganyikiwa, ongea pole pole kama mtu wa taarifa ya habari.

Stima na bando sasa. Inafanya kazi bila intaneti lakini lazima uwe umeiwasha mapema ukiwa na mtandao, kwa Chrome, na faili yenyewe iwekewe alama ya kupatikana nje ya mtandao. Usingoje ufike uwanjani ndio ukumbuke. Mimi hata nikiwa nimewasha, usiku kabla ya safari lazima nishushe PDF moja na nakala ya PowerPoint moja niweke kwa flashi, juu laptopu ya mwenye ukumbi ndio imeunganishwa na projekta na haina mtandao, hiyo ndio hali ya mikutano mingi. Ukishusha ya PowerPoint angalia fonti, ukitumia zile za urembo zinaweza kubadilika na mistari kuruka.

Na fonti si mchezo kwa wale mnafanya kazi Nakuru na mnataka Gĩkũyũ ndani. Zile herufi zenye alama juu, ĩ na ũ, fonti zingine za maringo hazina, kwa hivyo unaona neno moja lina herufi mbili za umbo tofauti kabisa na zingine. Weka Noto Sans uendelee na maisha, hiyo familia ilitengenezwa makusudi kubeba maandishi ya lugha nyingi. Herufi zenyewe kama kibodi yako haina, kwa menyu ya kuingiza kuna herufi maalum, unatafuta ama unaichora kwa mausi inakuletea.

Na Canva, ile programu ingine ya kubuni mabango na slaidi? Ni nzuri kuliko hii kwa poster, ina kifaa chake cha kutafsiri muundo mzima na kila kitu kinatoka kikipendeza. Lakini slaidi zangu zina maneno na watu wengi wa kuyakagua, na kumuelekeza Mwalimu kwa simu yake afike mahali pa kuweka maoni, Slides ilikuwa rahisi, alishika mara moja.

Naipa nyota 4 kwa 5. Ile moja nimeitoa kwa sababu ya lugha moja kwa faili moja, kitu ambacho kwa nchi kama yetu haieleweki. Wenzangu wa Kakamega na Bungoma mnaotaka kiolezo changu mniambie, linki nitakayowapa nimebadilisha lile neno edit la mwisho kuwa copy, ukiifungua inakuuliza utengeneze nakala yako, utoe Dholuo uweke Kiluhya chenu, na yangu haiguswi.