TAHADHARI: Seti za haradali na chumvi za "fedha ya masetla", Nakuru na Kisumu

Kuna muuzaji anayezungusha picha kwenye magrupu ya kuuziana vitu. Leo yuko Nakuru, kesho Kisumu, mzigo ni uleule: kikopo cha haradali chenye kifuniko, vibakuli viwili vya chumvi na kichupa cha kunyunyizia pilipili manga. Anasema ni fedha tupu (silver), imetoka kwa nyumba ya setla kule Njoro. Si fedha. Ni EPNS, yaani metali nyingine iliyopakwa fedha juu.

Ukimwomba picha ya chini ya kikopo anatuma bila wasiwasi, maana anajua wengi wakiona vingao vinne vidogo wanaridhika. Ivute karibu. Kila kingao kina herufi moja, E, P, N, S, kwa mwandiko wa kale usiosomeka upesi. Hiyo ni shaba, nikeli na zinki iliyopakwa fedha kwa umeme. Fedha halisi iliyogongwa chapa London, Birmingham au Sheffield kule Uingereza, sehemu 925 kwa 1000, ina simba anayetembea akiinua mguu wa mbele, alama ya mji (nanga ni Birmingham) na herufi ya mwaka. Taji peke yake lisikudanganye: lilikuwa la Sheffield hadi 1974, lakini viwanda vya mpako navyo viliwahi kuligonga.

Watu walipoanza kuuliza, akabadilisha mbinu. Sasa chapa anayopiga picha ni ya kijiko cha haradali, na kijiko hicho ni fedha kweli! Dai chapa ya kikopo chenyewe na ya kifuniko, zote ndani ya picha moja.

Video yake ya sumaku ipuuze. Sumaku hainasi fedha, lakini hainasi EPNS pia.

Kipimo kisichobishaniwa ni cha maji. Toa kikombe cha kioo cha buluu kilicho ndani (kazi yake ni kuzuia chumvi na haradali zisile metali), kisha pima kikopo kikavu kwa mizani ya jikoni ya dijitali. Weka bakuli la maji juu ya mizani, irudishe sifuri, ning'iniza kikopo kwa uzi kizame chote bila kugusa chini wala kubaki na mapovu ya hewa. Gawanya uzito wa kwanza kwa namba unayoiona. Gramu 207 kwa 20 ni 10.35, hiyo ni fedha. Gramu 207 kwa 24 ni 8.6, hapo umeuziwa mpako. Kama hakuna mizani, angalia bawaba ya kifuniko na kingo za chini: mpako huisha huko kwanza, rangi ya manjano ikachungulia.

Asipokubali kupimwa, ataomba elfu tano "ya kushikilia", tena na ya kutolea, kisha simu inazimwa. Ukiwa umeshatuma, peleka ile meseji ya M-Pesa kwa 456 papo hapo, kabla hajaitoa kwa ajenti.