Miezi minne na programu ya kuuliza databesi kwa Kiingereza: SQL inaijua, duka haikulijua

Wadau, niliahidi ntaandika nikishaitumia vya kutosha, sasa miezi minne imetimia na bosi kashaniuliza mara mbili kama tulipie tena au tuachane nayo, kwa hiyo acha nimwage yote hapa.

Kwanza mjue naongea kutokea wapi. Mi ni mtu wa kompyuta kwenye duka la jumla la vifaa vya ujenzi hapa Dar, tunauza saruji, nondo, mabati, rangi, mabomba, misumari mpaka bawaba. Na mtu wa kompyuta kwa duka la aina hii maana yake chochote chenye waya ni chako, printa ikigoma unaitwa, wifi ikikata unaitwa, na kila Jumatatu kabla hata chai haijashuka bosi anataka ripoti. Databesi yetu, yaani ghala la kumbukumbu zote za duka kwenye kompyuta, inaendeshwa na programu inayoitwa PostgreSQL, ina majedwali thelathini na kitu, aliijenga jamaa mmoja aliyeondoka zamani akatuachia kolamu zinaitwa bei_j, bei_r na hali2. Hali1 haipo. Nimetafuta.

Sasa hii programu inafanya nini, unaiunganisha na databesi yako, inasoma majina ya majedwali na kolamu, halafu unapewa kisanduku cha kuandikia kama cha WhatsApp, unauliza kwa Kiingereza cha kawaida tu, yenyewe inaandika SQL (ile lugha ya kuiulizia databesi), inaiendesha, inakuletea jedwali au mchoro. Ndani yake kuna AI hizi za kuzungumza. Jina lake siliweki, maana madhaifu ntakayoyasema nimeyakuta pia kwenye nyingine mbili za bure nilizojaribu, ni ugonjwa wa ukoo mzima, nikimtaja mmoja ntakuwa namuonea.

Siku ya kwanza ilikuwa raha, sikatai. Bosi kavuta kiti, kaandika mwenyewe kwa kidole kimoja "how many bags of cement did we sell last month" na ndani ya sekunde tano hivi namba hii hapa, na ilikuwa sahihi, nililinganisha na ripoti yangu. Akauliza nyingine, akauliza nyingine, mpaka mteja akawa anamsubiri nje. Swali ambalo zamani angenipigia simu niko kwenye daladala, nimjibu "bosi nikifika nakuangalizia", sasa anajijibu. Kwa maswali ya jedwali moja, ya kuhesabu na kujumlisha na kupanga kubwa mpaka ndogo, naipa kumi juu ya kumi bila ubishi. Na michoro yake mizuri kuliko yangu, hilo nalo niseme tu.

Kinachochekesha ni kwamba hii ndoto si ya jana. SQL yenyewe, hiyo hiyo ambayo leo tunatafuta programu ya kutuepusha nayo, ilizaliwa kwa ndoto hii hii. Mwaka 1974 Donald Chamberlin na Raymond Boyce wa IBM waliiita SEQUEL, na ile E ya kwanza ilikuwa ni ya neno English, yaani Kiingereza, na kwenye andiko lao waliwataja kabisa watu waliowalenga: wahasibu, mainjinia, wasanifu majengo, wapanga miji. Mhasibu wetu sisi ukimtajia JOIN, ile amri ya SQL ya kuunganisha majedwali, anakuangalia kama umemtukana mama yake. Na miaka hiyo hiyo ya sabini mwanzoni kulikuwa na programu ya LUNAR ya William Woods, wanajiolojia wanauliza kwa Kiingereza kuhusu mawe yaliyoletwa na Apollo kutoka mwezini. Baadaye Microsoft wakaja na English Query, nayo ya kuuliza kwa Kiingereza, wakaiweka pamoja na SQL Server, programu yao ya databesi, ilipofika toleo la 2005 wakaiondoa. Ile ilitaka mtu akae aieleze kwa mkono kila jedwali ni la nini na kila neno la biashara linamaanisha nini. Kumbukeni hilo, maana mwishoni mtaniona na mimi nimekaa nafanya yale yale.

Haya, tuje kwenye moto.

Wiki ya tatu bosi kaiuliza wateja kumi bora wa mwezi uliopita ni kina nani na wanalipaje. Ikaleta jedwali safi, rangi za kijani, namba moja ni fundi mkandarasi mmoja, kaachana na wa pili kwa mbali kabisa. Bosi akafurahi, akaniambia kijana, huyu tumpe nondo kwa mkopo wa miezi miwili, mtu ananunua hivi hatumjali. Nikamwambia sawa bosi. Mimi huyu mnayesoma andiko lake nilisema sawa bosi! Aliyetuokoa ni dada wa kaunta aliyekuja kuchukua stempu, akachungulia skrini akasema, "Bosi, samahani, huyu si ndo yule anayelipa laki tatu tatu mpaka tumpigie simu?"

Nikafungua ile SQL. Kumbe programu ilichukua jedwali la ankara ikaliunganisha na jedwali la malipo ili ipate namna ya kulipa, halafu ndo ikajumlisha thamani ya ankara. Sasa angalia inavyokuwa: jamaa ana ankara moja ya shilingi 1,800,000, kalipa mara sita, laki tatu tatu, nyingine taslimu nyingine kwa simu. Ukiunganisha hivyo ile ankara inajitokeza mara sita, moja kwa kila malipo, na kila mara imebeba 1,800,000 yake kamili. Jumla inasoma 10,800,000. Na mteja wetu mwaminifu anayekuja na hela zake zote, analipa mara moja anaondoka, yeye anahesabiwa mara moja. Yaani kadiri unavyolipa kwa kusumbua ndivyo unavyopanda kwenye orodha ya wateja bora. Wadaiwa sugu ndo walikuwa juu kumi nzima karibu.

Kosa lenyewe si geni, yeyote aliyeandika SQL ameshalifanya, mi mwenyewe nimelifanya sana. Tofauti ni kwamba mi nikilifanya namba ikatoka kubwa hivyo nashtuka, kwa sababu nalijua duka, najua mwezi ule mvua ilinyesha watu hawakujenga. Programu haishtuki. Inakupa 10,800,000 kwa sauti ile ile iliyokupa mifuko ya saruji sahihi siku ya kwanza, na sentensi nzuri juu yake ya kueleza. Hicho ndo kinachonikera kuliko vyote, kwa miezi minne sijawahi kuiona imesema "sina hakika" au "unamaanisha hiki au kile". Ukiiuliza mauzo, haikuulizi mauzo yenye VAT au bila, ya kabla ya mali iliyorudishwa au baada, yaliyolipwa au hata ya mkopo. Inachagua moja kimya kimya. VAT ni asilimia 18 jamani, hiyo ni faida yote ya saruji na chenji.

Nikajaribu na Kiswahili, ijapokuwa wao wanatangaza Kiingereza. Inaelewa, na vizuri tu, deni inalijua, rejareja inalijua, hata "mali iliyokaa stoo" ilinielewa. Ila nikaandika nionyeshe mauzo ya jana kati ya saa mbili na saa sita, ikanijibu hakuna mauzo yoyote. Jana tulikuwa tumefurika! Kuangalia SQL, imetafuta kuanzia 02:00 mpaka 06:00, yaani saa nane za usiku mpaka kumi na mbili alfajiri, duka limefungwa mlinzi kalala. Nikirudia na "asubuhi" na "mchana" mara nyingine inapata mara nyingine haipati. Juzi nayo inaisumbua, kuna siku imenipa siku moja, kuna siku imenipa siku tatu zilizopita. Kwa hiyo kwa muda andikeni namba za saa 24, msiiamini.

Lingine fupi. Bosi kauliza wateja gani hawajanunua kitu tangu Januari, jibu: hakuna, wote wamenunua. Uongo mtupu, nawajua kumi wa kichwani. Sababu ni ya kitaalamu kidogo, wateja wa kupita wanaonunua msumari kilo mbili hatuwaandiki, kwenye mauzo namba ya mteja inabaki tupu, na SQL ukiiambia nipe ambao hawamo kwenye orodha hii halafu ndani ya orodha kuna hata tupu moja, inakurudishia mkono mtupu. Mtego wa miaka yote huo, na programu imeingia mzima mzima.

Na kuna Jumamosi moja ilitaka kunifukuzisha kazi. Bosi kauliza swali refu la miaka yote, programu ikaandika SQL nzito ikaituma kwenye databesi ile ile ambayo kaunta wanatolea ankara, mashine zote zikaganda, foleni mpaka kwenye malori. Hilo sikulaumu programu, hilo ni langu, niliunganisha kwa uvivu. Yeyote anayeanza, msifanye kama mimi. Sasa hivi kila usiku natoa nakala naiweka kwenye kompyuta nyingine, programu inauliza huko tu, na mtumiaji niliyeipa anaweza kusoma peke yake, hawezi kufuta wala kubadili, na swali likizidi sekunde thelathini linakatwa.

Suala la siri nalo msilipuuze. Hizi programu nyingi zinatuma majina ya majedwali yako, na nyingine mistari kadhaa ya mfano, kwenda kwenye seva za hiyo AI huko nje. Sisi kwenye mistari ya mfano kulikuwa na namba za simu za wateja na madeni yao. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na inagusa mpaka kupeleka taarifa nje ya nchi, kwa hiyo nilizima ile ya mistari ya mfano, na kwenye nakala ya usiku namba za simu siziweki kabisa. Kuzima kwenyewe kumefichwa chini kabisa ya mipangilio, ukurasa wa tatu. Hapo nawakata maksi.

Baada ya ile ya mkandarasi nilimwomba bosi wiki mbili. Nikakaa na mhasibu na dada wa kaunta, tukaandika neno kwa neno: mauzo ni nini, mteja ni nani, deni linaanza lini. Mauzo tukakubaliana ni bila VAT, baada ya kutoa zilizorudishwa. Nikatengeneza viu tatu kwenye databesi (viu ni kama jedwali lililopikwa tayari kutoka kwenye majedwali mengine), ya mauzo, ya malipo, ya madeni, kila moja mstari mmoja kwa ankara moja ili pasijirudie kitu, kolamu nikazipa majina ya watu (hali2 kumbe ilikuwa "imefutwa", nimegundua mwezi wa pili, miaka yote hiyo), nikaweka maelezo chini ya kila moja, halafu nikaifungia programu isione majedwali mengine yoyote. Hapo ndo ikawa chombo. Nina maswali 25 ambayo majibu yake nayajua, nayarusha kila wenye programu wakibadilisha toleo, kabla ilikuwa inapata 14, sasa inapata 23. Mawili bado, yote ya mabati.

Kwa hiyo kama unategemea kununua tu uunganishe uondoke, nyota mbili. Kama una mtu wa kukaa wiki mbili kuandaa chakula chake, nne. Ya tano naizuia mpaka ijifunze kuuliza kabla ya kujibu. Na usinunue yoyote isiyokuonyesha SQL iliyoandika, hata iwe bure, ile ya mkandarasi tusingeijua kamwe kama ilikuwa imefichwa.

Bei ni dola 25 kwa mtumiaji kwa mwezi, kadi ya benki ya kwanza iligoma ya pili ikapita. Tulianza na watumiaji watano kwa mbwembwe, tunalipia tena wawili, bosi na mhasibu. Dada wa kaunta nilimuuliza kama naye anataka, akasema yeye aulize nini wakati watu anawajua.

Yale maswali mawili ya mabati yanakosewa kwa sababu wengine wanaingiza kwa kipande, wengine kwa bando, kwenye kolamu ile ile, na programu inajumlisha tu, bando tano na vipande ishirini inasoma ishirini na tano. Nikitaka kurekebisha inabidi nijue bando lina vipande vingapi kwa kila aina, na mtu wa stoo kila nikimuuliza ananipa namba tofauti. Wiki ijayo naenda kuhesabu mwenyewe.