Uzoefu wangu na grili ya uwani: fundi wa kuchomelea, mapacha wawili na mawe ya Igogo

Kwanza niseme hili sio tangazo, fundi nimemlipa kwa hela yangu na jina lake simtaji kwa sababu nitamsifia na nitamlalamikia humu humu. Naandika kwa ajili ya wenzangu mnaoishi huku milimani Mwanza na mna watoto wadogo, maana mi nilizunguka wiki mbili natafuta mtu wa kunieleza kitu kinachoeleweka kuhusu kumzuia mtoto asidondoke ukingoni mwa uani sikumpata, kila mtu ananiambia "weka grili tu", yaani uzio wa vyuma.

Tunakaa Igogo, juu juu kule ambako bajaji inakuacha unamalizia kwa miguu. Nyumba imekaa katikati ya mawe, uani ni jukwaa la mawe na simenti kama mita 6 hivi, halafu mbele yake hakuna kitu, ni ukuta wa msingi unashuka zaidi ya kimo cha mtu mzima mpaka kwenye mawe na mtaro wa jirani. Ukisimama hapo jioni unaliona ziwa lote, wageni wakija wanapiga picha. Mimi tangu Kulwa na Doto waanze kutembea sijawahi kufurahia hiyo mandhari hata siku moja.

Kilichonifanya nitoe hela ni mjusi. Mnawajua wale wetu wa kichwa na kifua chekundu, chini bluu, wanaoota jua kwenye mawe wanapiga pushapu? Sasa Doto anawapenda kuliko uji. Siku hiyo mi naanua nguo, mama mkwe amekuja kutoka Misungwi amekaa mlangoni anachambua dagaa, nikasikia tu sinia limedondoka pwaa. Kugeuka, mama yule ambaye goti linamsumbua mwaka wa tatu huu ameshafika ukingoni na kamshika Doto kwa fulana nyuma. Vidole vya miguu ya mtoto vilikuwa vimeshatoka nje ya jiwe, vinachezacheza hewani, na mkono kaunyoosha kwa mjusi. Hakulia hata. Aliyelia ni mimi. Dagaa wote kuku walikula.

Basi kesho yake nikaenda kwa fundi mmoja wa mageti, nilielekezwa na jirani. Akaja na futi yake, kapima, kachora kwenye ganda la sigara, tukakubaliana 520,000 vifaa na ufundi, grili ya mita 6 kimo mita 1.2 pamoja na kigeti kidogo cha kwenda kwenye ngazi. Adivansi nikatoa 250,000. Aliniambia siku nne, ikawa siku kumi na mbili, mara umeme umekatika, mara kijana wake kaenda msibani, mara simu haipokelewi. Hilo nalipita, tumeshazoea, fundi akikwambia kesho we hesabu wiki.

Sasa njooni kwenye tatizo lenyewe. Grili ilikuja nzuri kwa kweli, skwea paipu safi, imepigwa redi oksaidi ya kuzuia kutu halafu rangi nyeusi, ila vyuma vyote kavilaza. Yaani mistari mitano ya kulala kutoka kushoto kwenda kulia, na maua katikati. Nikauliza mbona imekaa hivi, akanijibu "mama Kulwa, hii ndo fasheni ya sasa hivi, nenda Capri Point kwa matajiri kaangalie". Na mimi nikanyamaza kwa sababu sikujua cha kubisha. Siku ya tatu Kulwa kaweka mguu chuma cha kwanza, mguu wa pili chuma cha pili, cha tatu, tumbo likawa liko juu ya grili anamwita kuku wa jirani. Nilikuwa nimenunua ngazi ya laki tano!

Nilimpigia shemeji yangu anayefanya kazi za ujenzi, akacheka kwanza halafu akanieleza, na hiki ndo nataka mkishike kabla hamjampa fundi hata shilingi. Vyuma vya grili ya watoto vinasimama, havilali, mtoto asipate pa kukanyaga. Nafasi kati ya chuma na chuma isizidi sentimita 10, kwa sababu mtoto mdogo akipenyeza mwili, kichwa kinabaki juu kimekabwa. Nafasi ya chini kati ya grili na sakafu nayo hivyo hivyo, wengi wanaisahau hiyo. Kimo kisipungue mita 1.2, na hapo karibu pasiwe na kitu cha kupandia, maana kimo chenyewe kinahesabiwa kuanzia pale mtoto anaposimama, sio kuanzia chini. Mwenye akili ya haraka achukue futi aende nayo kwa fundi, asikubali "jicho linatosha".

Nikamrudia fundi. Hapo tulibishana kidogo, anasema hukuniambia, nasema wewe ndo fundi. Mwisho tukagawana, nikaongeza 70,000 kazi ikarudiwa. Na hapa lazima nimpe haki yake, akishaelewa unachotaka ni fundi kweli. Alikata mistari yote ya katikati na grainda, akasimamisha nondo za milimita 12, kila moja anaweka kipande cha mbao cha sentimita 9 katikati ndo anachomelea, kwa hiyo zote ziko sawa sawa. Watoto niliwapeleka kwa jirani siku mbili hizo kwa sababu ya ule mwanga na cheche.

Kigeti ndo kimenifurahisha zaidi. Nilitaka kijifunge chenyewe maana mtu mzima akiwa na ndoo kichwani hakumbuki kurudishia geti, akatafuta bawaba za springi hadiweya tatu hakupata za bei ya kwetu. Wazo lake la kwanza lilikuwa kufunga tyubu ya baiskeli iwe inalivuta, ni kweli inafanya kazi ila jua linaila haraka. Baadaye akafanya ujanja, bawaba ya juu na ya chini hakuziweka kwenye mstari mmoja, kazipishanisha kidogo, kwa hiyo ukifungua geti linanyanyuka kiasi halafu uzito wake wenyewe unalirudisha, kaa! linajibamiza kwenye komeo. Linafungukia upande wa uani, kwa hiyo mtoto akiliegemea akitokea ndani haliendi popote. Komeo kaliweka nje upande wa ngazi, mi napitisha mkono kwa juu.

Malalamiko yangu mengine: hakusaga sawa sawa. Ile mabaki ya kuchomelea alipitisha rangi juu yake, Doto akajichana kiganja wiki ya kwanza, ikabidi nimwite tena apige jiwe la grainda. Kwa hiyo we kabla hujamalizia hela pitisha kiganja chako nondo moja moja, na kitambaa laini kama unacho, kikinasa hapo ndo pa kusaga.

Akiwa bado na mashine yake pale nikamwomba aangalie na ngazi ya chuma ya kupandia kwenye simtanki. Akakata vidaraja vitatu vya chini, sasa mwenye kutaka kupanda analeta stuli kutoka ndani. 15,000 tu, dakika ishirini, sijui kwa nini sikuwaza siku zote.

Karo, yaani shimo la maji taka, haikuwa kazi yake, nilimchukua mwashi. Wenzetu wengine huku mlimani wameshaunganishwa na bomba la maji taka, sisi bado tunatumia shimo, na mfuniko wake ulikuwa umevunjika kona tumeweka bati na jiwe juu, aibu kusema. Tumemwaga mfuniko mpya wa zege wenye nondo, unene sentimita 10, na pembeni kaziba na udongo wa simenti dhaifu ili gari la kunyonya likija uweze kubomoa bila kupasua wote. Bati na jiwe sio mfuniko jamani, nililala na hiyo kitu mwaka mzima.

Na maji. Huku maji ya bomba yana zamu zake, kila nyumba ina mapipa na ndoo zimejaa. Watu wakikuona una mapacha wanakwambia uangalie ziwa, mi ziwa liko mbali mpaka ushuke chini huko, ninachokiogopa ni ndoo. Mtoto wa umri huu kichwa ni kizito ukilinganisha na mwili wake, akiinamia ndoo akatumbukia hawezi kujitoa, na maji ya sentimita chache tu yanatosha, na hapigi kelele. Kwa hiyo mapipa yana mifuniko ya kubana, ndoo na beseni nikimaliza namwaga nafunika kifudifudi, hilo mama mkwe ndo msimamizi na ni mkali kuliko askari. Yeye pia ndo alinikumbusha minyaa ya uzio wa upande wa jirani, utomvu wake mweupe ukiingia machoni ni hatari, unaunguza kweli, unaosha na maji mengi na kuwahi hospitali. Tumekata matawi yaliyoingia kwetu, na kijana aliyekata nilimlazimisha avae miwani ya fundi.

Maksi zangu: ufundi 8 kwa 10 baada ya kurudia, muda 3, lugha 7. Ningemrudia? Ndio, ila nikiwa na mchoro wangu mkononi na hela ya mwisho naitoa nikishapitisha kiganja.

Grili ina miezi miwili sasa, imara, haijatingishika na mvua zimepiga. Ila juzi asubuhi nimetoka nimemkuta Kulwa kasimama kwenye grili, kifua chote juu, anaangalia mjusi. Nikatazama chini, kakanyaga lile beseni la kifudifudi, na Doto anakuja nyuma anaburuza ndoo. Vyombo vyote vya maji sasa vinalala jikoni, mlango na kitasa.