Wota pampu ya RAV4 ya zamani (3S-FE): ya kampuni ya Aisin nimeikubali, ila ukishafungua weka na taiming belti mpya

Habari wadau, naandika kwa wenye RAV4 zile za mwanzo, injini ya 3S-FE cc 2000, maana nimetoka kubadilisha wota pampu (ile inayozungusha maji ya kupoza injini) hapa Arusha na kuna mambo watu wengi hawaambiwi mpaka wameshalipa mara mbili.

Gari ilianza kwa kupunguza maji kidogo kidogo, leo unajaza lile kopo la rejeta, keshokutwa yako chini ya mstari, na ukichungulia chini hamna hata tone. Afu ikawa nikitoka Moshi kuja Arusha, pale tambarare ya Boma hadi njia panda ya KIA mshale wa temprecha umetulia kabisa, ila nikianza kupanda kuja Usa River unanyanyuka, nikizima AC unashuka kidogo. Kila mtu ana lake, huyu anasema rejeta imeziba, yule anasema ng'oa themostati (kile kizibo kinachozuia maji mpaka injini ipate joto) utembee bila. Tafadhali wapendwa themostati msing'oe, injini inachelewa kupata joto lake, mafuta yanaliwa na ugonjwa wenyewe unabaki palepale.

Fundi niliyempata yupo mtaa wa Unga Limited na nampa maua yake, hakukimbilia kutaja spea. Alitoa tairi la mbele kulia na ile plastiki ya pembeni, akamulika na tochi ya simu akaniita, "dada njoo uone mwenyewe". Kulikuwa na michirizi ya ukoko wa pinki umekaukia kwenye bloku, unatokea chini ya kava ya taiming. Akanielewesha kwamba wota pampu ina kitundu kidogo kimewekwa makusudi, sili ya ndani ikichoka maji yanatokea hapo yasiingie kwenye beringi, na injini ikiwa ya moto yanakauka kabla hayajafika chini, ndo maana nilikuwa sioni tone.

Sasa hapa ndo penyewe. Kwenye 3S pampu haizungushwi na feni belti, inazungushwa na taiming belti (mkanda wa ndani unaounganisha krenki, yaani shafti kuu ya injini, na kemshafti, shafti inayofungua valvu). Kuifikia lazima uegemeze injini na jeki, utoe mauntingi ya kulia, puli ya krenki, kava zote, ndo uitoe belti. Kazi yote ya belti umeshaifanya, halafu urudishe belti ya zamani ili uokoe hela kidogo? Mimi niliweka pampu, belti, beringi zake mbili (tenshena na aidla) na oili sili ya krenki na ya kemshafti vyote kwa pamoja. Beringi ya pampu ikija kukwama inakula belti na gari inazima hapohapo. Uzuri 3S-FE belti ikikatika valvu hazigongani na pistoni, lakini ukizimikiwa usiku Kikatiti sijui hiyo itakufariji nini.

Dukani nilioneshwa pampu mbili, moja isiyo na jina kwa 45,000 na Aisin kwa 120,000. Ukizishika tofauti unaiona, ile ya bei rahisi ukizungusha puli inakwaruza kwaruza na sehemu ya gasketi haijasawazishwa vizuri, Aisin inazunguka nzito, laini, hamna mchezo. Aisin ndo wanaowatengenezea Toyota wenyewe. Ila feki zipo mjini, kagua boksi, kagua maandishi kwenye chuma chenyewe na dai risiti yenye namba ya spea.

Ufundi nililipa 80,000 na ilichukua kutwa nzima, taratibu kweli, lakini huo utaratibu nimeupenda. Alikwangua gasketi ya zamani kwa mkono mpaka chuma kikang'aa, na belti ilipokaa alihakikisha kitundu cha gia ya kemshafti kiko sawa na alama yake, akazungusha krenki kwa spana mizunguko miwili na kuangalia alama tena kabla ya kufunga kava. Pampu ya zamani alinipa mkononi, puli inacheza, na mapanga ya ndani yameliwa na kutu kabisa, aliyeniuzia gari alikuwa anajaza maji ya bomba tu. Kulanti (dawa ya rejeta) nimeweka nyekundu nusu kwa nusu na maji ya betri yale yasiyo na asidi, hita imewashwa mpaka upepo wote umetoka na feni ikapiga.

Nimeshapanda Usa na AC imewaka, watu wanne na mizigo, mshale haujavuka katikati. Lalamiko langu moja tu, mpira wa chini wa rejeta umeanza kuvimba karibu na klipu na fundi kaniambia wakati kulanti imeshajazwa, angesema mapema ningenunua siku ileile. Mwisho wa mwezi narudi kuubadilisha pamoja na mfuniko wa rejeta, naweka wa presha ya 0.9 kama ulioandikwa kwenye ule wa zamani.