Kiolezo cha bati: bikari au kompyuta?

Mchoro umeletwa: hopa (mdomo wa kumiminia nafaka) ya mashine ya kusaga, umbo la koni, mdomo kipenyo milimita 450, ubavu wa mshazari 900. Kwa bikari na kadibodi hesabu ni fupi: 225, nusu ya kipenyo, gawanya kwa 900, zidisha kwa 360, unapata nyuzi 90. Robo ya duara, basi. Unaongeza ukingo wa kuungia, unakata kadibodi, unaikunja mkononi, na kosa linajionyesha kabla bati halijaguswa.

Kompyuta inashinda kwenye maungio. Bomba linaloingia jingine kwa mshazari hudai ugawe duara sehemu 12 na kuhamisha kila mstari. Asubuhi nzima inaondoka. Programu humaliza kwa dakika chache.

Ila haijui unene wa bati usipouandika. Bomba la kipenyo cha nje 300, bati la milimita 2, hukatwa urefu wa 936, si 942, kwa kuwa mzingo hupimwa katikati ya unene: kipenyo 298, si 300. Niliwahi kusahau, na mfuniko ukagoma kuingia. Kadibodi nayo isingeniokoa hapo.

Siku hizi kipande kimoja nakichora kwa mkono. Oda ya vipande 50, naenda kompyuta, umeme ukiwepo.