Mche wa mkrismasi kutoka vitalu vya barabarani: chukua mfupi

Kuanzia Novemba mikrismasi mikubwa ya Dar es Salaam huwa imewaka maua mekundu, na vitalu vya kando ya barabara huisogeza miche yake mbele. Utakuta ya aina mbili: mfupi wa kimo cha goti kwenye kiriba chembamba, na mrefu unaomzidi mtu, wenye bei mara kadhaa ya huo, ambao muuzaji atakuambia unakupunguzia miaka ya kusubiri. Haupunguzi kitu.

Sababu imo ndani ya kiriba. Mkrismasi huteremsha mzizi mkuu mapema sana. Ukigota chini ya plastiki, unaanza kuzunguka kama kamba ndani ya ndoo. Ukishapandwa hivyo haujinyooshi tena. Unanenepa ukiwa umejikunja, huku juu mti ukitanda kama mwavuli, mpana kuliko kimo chake. Miaka inapita salama, kisha kusi ya nguvu inakuja baada ya masika, udongo umelowa, mti unalala na kitako chake. Kwa hiyo kabla hujalipa, inua kiriba utazame chini. Mizizi iliyotoboa na kuingia ardhini maana yake mche umekaa pale muda mrefu mno, na muuzaji akiung'oa anaikata.

Kuna kasoro nyingine, ya utambulisho. Mkrismasi wa mbegu huchukua miaka minne au mitano kutoa ua la kwanza, na mara nyingi hata zaidi ya hapo. Ukionyeshwa kimti kwenye kiriba chenye maua mekundu yenye ukingo wa njano, nyuzi ndefu zimechomoza nje na kikonyo kina miiba, huyo ni jamaa yake wa kichaka, anayeishia kama mita tatu. Anapendeza, ila kivuli usitegemee. Mjakaranda nao huchanganywa humo: majani yake makubwa hukaa mawili mawili yakitazamana kwenye shina, ya mkrismasi hupishana.

Kupanda si kazi. Shimo la sentimita 60 kwa 60, mwanzoni mwa masika, udongo wa juu uchanganywe na debe moja la samadi iliyoiva. Chana kiriba kwa wembe, usivute mche kwa shina. Kama mzizi umeanza kujikunja chini, kata ile sehemu ya mzunguko kwa kisu kikali. Bora upoteze inchi mbili za mzizi sasa. Shingo ya mche ibaki usawa wa ardhi. Kiangazi cha kwanza mwagilia lita 10 mara mbili kwa wiki, weka matandazo, lakini yaache upana wa kiganja kutoka shinani, maana mchwa hupanda kupitia hapo.

Baada ya mwaka wa pili punguza mkono. Mti huu wa asili ya Madagascar umezoea kiangazi, na kukipitia ndiko kunakouandaa kuchanua. Maji na mbolea ya chumvichumvi mwaka mzima vitakupa majani mengi na maua haba. Ukipukutika wote kabla ya vuli usikimbilie panga: kwangua gome kwa ukucha, ukiona kijani ndani uko hai. Nyanda zenye jalidi kama Njombe hauzifai kabisa.

Mbao zake ni dhaifu, na hapa ndipo wengi huumia. Mti ukiwa mchanga ondoa matawi ya chini hadi mita mbili na nusu, na palipo na matawi mawili yaliyoachana kwa pembe nyembamba kama V, toa moja, kwa kuwa likizidiwa uzito hupasuka na kushuka na ganda la shina. Tawi nene likate kwanza kutoka chini, theluthi moja ya unene, halafu kutoka juu mbele kidogo ya hapo, mwisho usafishe kisiki kwenye kivimbe cha shingo ya tawi bila kukigusa.

Mizizi ya pembeni hutambaa juu juu na hunyanyua vitofali vya uani. Mita 8 hadi 10 kutoka ukuta, bomba na shimo la choo ndiyo nafasi ya chini. Kwenye kiwanja cha 20 kwa 20 chenye nyumba katikati hakuna pa kuuweka, na muuzaji hatakuambia hilo.

Mwenye subira aache miche kabisa. Okota ganda jeusi lililokomaa, kata ncha ya mbegu kwa kikata kucha upande usio na kovu, loweka usiku mmoja. Zilizovimba zifukie sentimita mbili. Zilizobaki ngumu zikate tena. Panda mbili mbili palepale unapotaka mti usimame, kisha ung'oe dhaifu. Mzizi wa mti huo hautakuwa umewahi kuonja kiriba.