Tahadhari: kanvasi ya kawaida inayouzwa kama kanvasi ya rangi za maji

Ndugu wachoraji wa Dar es Salaam, hasa mnaoagiza vifaa kwa simu na kuletewa na bodaboda, jihadharini na muuzaji anayetangaza "kanvasi maalumu ya rangi za maji", kwa kuwa anachouza ni kanvasi ya kawaida iliyobandikwa karatasi nyingine juu ya lebo yake.

Mwezi uliopita nilinunua kwake kanvasi tatu kwa shilingi 105,000, nikaletewa Sinza zikiwa zimefungwa nailoni. Nilikusudia kuchora Kilimanjaro kama inavyoonekana kutoka Moshi, Kibo kushoto na Mawenzi kulia. Katika rangi za maji theluji kwa kawaida haipakwi, bali huachwa weupe wa kitambaa chenyewe, na anga hupakwa kuizunguka. Nilipopitisha brashi ya kwanza ya buluu, rangi haikushika. Ilijikusanya matone matone kama maji juu ya jani la mgomba, kisha ikateremka taratibu hadi katikati ya Kibo, na theluji yangu yote ikawa buluu.

Kanvasi nyingi za madukani zimepakwa tabaka la msingi linalofaa rangi za akriliki na za mafuta, ambalo halinyonyi maji vya kutosha, ilhali ile ya rangi za maji hupakwa tabaka jingine lenye kunyonya. Niliilowesha ile karatasi, nikaibandua, na lebo iliyokuwa chini yake ilitaja akriliki na mafuta tu. Nilipompigia muuzaji alinijibu kwamba sijui kuchora, jambo ambalo huenda likawa kweli, lakini lebo haikufichwa na mimi. Tangu siku hiyo hapokei simu zangu.

Ninafahamu kwamba kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi "rangi ya maji" ni ile ya kupaka ukutani, na muuzaji asiye mchoraji anaweza kukosea kwa nia njema. Huyu aliyebandika karatasi juu ya lebo hakukosea.

Mzigo ukifika, mwombeni bodaboda asubiri, msilipe kwanza. Fungueni nailoni, pitisheni kidole juu ya lebo mhisi kama ni karatasi mbili, kisha dondosheni tone la maji kwenye kona ya upande wa mbele: likisimama kama ushanga bila kutawanyika, rudisheni. Msihukumu kwa kigezo cha rangi kufutika tu, kwa sababu hata kwenye kanvasi halisi rangi za maji hufutika kirahisi kwa brashi yenye maji, ndiyo maana picha ikikamilika hupuliziwa vanishi kama haitawekwa nyuma ya kioo.

Kanvasi mbili nimezichorea akriliki, nazo zimeipokea vizuri kabisa. Ya tatu nimeihifadhi pamoja na lebo zake mbili na ujumbe wa malipo, na aliyeuziwa kama mimi anakaribishwa kuja kulinganisha ili tupeleke malalamiko yetu kwa pamoja.